Haki ya Kukatiza Wimbo: Pakruok ya Nyatiti na Suala la Ushiriki katika Sanaa ya Kisumu

1. Utangulizi

Katika mazungumzo kuhusu sanaa mjini Kisumu na katika vijiji vya ufukwe wa Ziwa Viktoria, kuna neno moja ambalo siku hizi halikosekani: ushirikishwaji. Ukuta wa soko ukipakwa picha, husemwa kwamba jamii imeshirikishwa. Kikundi cha maigizo kikicheza penye gati ya wavuvi, husemwa kwamba hadhira imeshirikishwa. Neno lenyewe limeumbwa kwa namna inayotoa siri yake. Shina ni -shiriki. Likaongezwa kiambishi cha kusababisha, kisha kiambishi cha kutendwa. Anayeshirikishwa, basi, ni mtendwa. Yuko mtu mwingine, asiyetajwa, aliyemfanya ashiriki, na ambaye kwa uwezo huo huo anaweza kumwachisha.

Makala haya yanakusudia kulipima neno hilo kwa kipimo kilichokuwako katika eneo hilo muda mrefu kabla ya miradi ya leo. Kipimo hicho ni pakruok, yaani desturi ya Wajaluo ambayo kwayo msikilizaji humsimamisha mpiga nyatiti katikati ya wimbo, akatoa pesa na akajisifu au kuwasifu wenzake. Dai letu ni kwamba hadhira hushiriki kweli pale inapokuwa na haki ya kuisimamisha kazi ya sanaa, naye fanani akawa na wajibu wa kuijibu. Pasipo haki hiyo, kilichopo ni mahudhurio tu, hata kama watu wameimba na kupiga makofi.

2. Nyatiti na mpangilio wa pakruok

Nyatiti ni kinubi cha nyuzi nane, chenye bakuli la mti lililowambwa ngozi ya ng'ombe. Mpigaji, ambaye kwa Kijaluo huitwa jathum, huketi juu ya kigoda kifupi, chombo kikiwa kimelazwa ubavu mbele yake. Vidole vyake huchezea nyuzi. Pete ya chuma iliyo katika kidole gumba cha mguu hugonga mti wa chombo, na njuga zilizofungwa mguuni huitikia. Kwa hiyo mtu mmoja huwa ni mwimbaji, mpiga nyuzi na mpiga ngoma kwa wakati mmoja. Kazi yake hasa ilikuwa katika matanga, katika karamu za pombe na katika mikutano ya jamaa. Mwanachuoni Henry Owuor Anyumba aliandika juu ya nyimbo za maombolezo za nyatiti mapema mwaka 1964, na hadi leo uchunguzi wake ni mojawapo ya misingi ya taaluma hii.

Jathum akiwa katikati ya wimbo, msikilizaji huinuka, akamwendea na kutoa pesa. Wimbo hukoma. Msikilizaji huyo sasa ndiye mwenye uwanja. Hujitaja kwa majina ya sifa, akajifananisha na mnyama mkali au na wimbi la ziwa. Hutaja ukoo wake, wajomba zake, shemeji zake, na rafiki aliyeketi naye. Hupima maneno yake, kwani walioketi ni waamuzi: sifa iliyochakaa huzomewa, na sifa mpya hushangiliwa. Akimaliza, wimbo huanza tena, lakini hauanzi pale pale ulipoachwa. Jathum hulichukua jina lililotajwa na kulisuka ndani ya beti zinazofuata. Kisha huinuka mwingine, labda mpinzani wa yule wa kwanza, naye hutoa pesa na kuukatiza wimbo kwa zamu yake.

Kwa mtazamo wa mgeni, haya ni usumbufu. Huona wimbo mzuri ukivunjwavunjwa na watu wanaojigamba. Lakini hapo ndipo mhakiki anapopaswa kutua. Wimbo usiokatizwa na mtu katika mkusanyiko wa namna hii ni wimbo uliokosa wenyewe. Jathum hodari huacha nafasi, hutaja ukoo fulani kwa uchokozi, humwita mtu kwa fumbo, ili akatizwe. Ufundi wake haupimwi kwa kumaliza alichokianza, bali kwa namna anavyorejea baada ya kusimamishwa.

3. Maana ya kukatiza

Sarufi ya Kijaluo inatusaidia hapa. Tendo la kusifu ni pako. Kiishio -ruok huunda jina la tendo linalomrudia mtendaji mwenyewe, na hivyo pakruok ni kujisifu. Lakini kiishio hicho hicho hutumika pia kwa tendo la watu wanaotendeana, kama katika herruok, kupendana. Kiswahili hutulazimisha kuchagua: ama kujisifu ama kusifiana. Kijaluo hakilazimishi. Anayejisifu mbele ya nyatiti huwa papo hapo anawasifu wa kwao, na anayemsifu rafiki yake hutarajia kusifiwa. Ndiyo maana kulitafsiri neno pakruok kwa majigambo peke yake ni kulikata nusu.

Msomaji wa pwani atakumbuka desturi ya kutunza katika taarabu, na methali isemayo kwamba mcheza kwao hutunzwa. Zipo tofauti ambazo si ndogo. Mtunzaji wa taarabu huinuka akacheza hadi mbele, akatoa fedha kwenye ubeti unaomhusu, na pengine akamtupia jicho hasimu wake. Lakini wimbo hauzimwi, wala yeye hasemi. Hulitumia neno la mshairi kuwa mshale wake mwenyewe. Katika pakruok, mtoaji huinunua nafasi tupu, na ni juu yake kuijaza kwa maneno aliyoyatunga. Hadhira ya taarabu huchagua maana. Hadhira ya nyatiti hutunga.

Wengine watataja pia tamthilia ya baraza ya Augusto Boal (1931–2009), Mbrazili aliyemruhusu mtazamaji kuamuru mchezo usimame, kisha aingie jukwaani na kubadili mwendo wa kisa. Mbinu hiyo ilienea katika tamthilia za elimu nchini Kenya, na nafasi ya maigizo katika maendeleo ilijadiliwa katika kitabu kilichohaririwa na Loukie Levert na Opiyo Mumma mwaka 1995. Kufanana kwake na pakruok kunaonekana wazi. Hata hivyo, katika tamthilia nyingi za elimu zinazotokana na mbinu hiyo, msimamizi huwa ndiye aliyelileta swali, naye hujua jibu analolitarajia: kwamba watu wapimwe, wanawe mikono, waache kitendo fulani. Mtazamaji huruhusiwa kulikatiza igizo, lakini haruhusiwi kulikatiza lengo. Anayeinuka mbele ya nyatiti huja na jambo lake mwenyewe.

4. Kasoro za pakruok

Ingekuwa ni kosa kuipamba desturi hii kupita kiasi. Haki ya kukatiza ni haki ya kununuliwa. Asiye na pesa hukaa kimya, au husubiri rafiki mwenye nacho amtaje. Katika kumbi za starehe za Kisumu, ambako ohangla na benga zimeirithi pakruok, tajiri anaweza kuushika usiku mzima kwa noti zake, na mwanasiasa akaugeuza uwanja kuwa mkutano wa kampeni. Kwa desturi, kupiga nyatiti kulikuwa kazi ya wanaume. Ni katika miaka ya karibuni ndipo wanawake walipoanza kujulikana kwa chombo hicho. Miongoni mwao ni Suzanna Owiyo, ambaye jina lake lilivuma mwaka 2001 kwa wimbo aliouimba Kisumu ilipotimiza miaka 100.

Aidha, santuri ilileta mabadiliko mengine. Katika benga ya wanamuziki kama D. O. Misiani (1940–2006), majina ya wafadhili na marafiki hutajwa ndani ya wimbo, na majina hayo yakabaki humo milele. Hii ni pakruok iliyogandishwa: sifa imesalia, lakini mpinzani hana tena mlango wa kuingilia. Tofauti hiyo yafaa ikumbukwe, kwa sababu ndiyo itakayotuongoza katika kuitazama sanaa ya mjini.

5. Sanaa ya hadhara mjini Kisumu

Mnara wa saa ulioko kwenye barabara ya Oginga Odinga ulizinduliwa mwaka 1938. Ulijengwa kwa kumbukumbu ya mfanyabiashara Kassim Lakha, na waliougharimia ni wanawe. Kwa macho ya pakruok, tendo hilo linaeleweka mara moja: wana wametoa mali yao, wakasimama hadharani, wakamsifu baba yao. Hakuna cha kulaumu. Ila sifa hiyo imetolewa mahali pasipo jathum wa kuijibu wala nafasi ya mtu wa pili kuinuka. Jiwe halikatizwi.

Mwaka 2015 mji huo huo ulishuhudia jambo la kusikitisha. Sanamu iliyosimamishwa na jumuiya ya Masingasinga iliangushwa na kuchomwa moto na kundi la watu, baadhi wakidai kwamba ilikuwa ya kishetani. Hatusemi hili kwa kukitetea kitendo hicho. Jumuiya iliyoishi mjini kwa vizazi vingi ilitoa sifa yake na ikajibiwa kwa moto. Hiyo ni dhuluma. Lakini mhakiki hana budi kuuliza kwa nini hapakuwa na jibu jingine lililowezekana. Mkatizaji wa nyatiti hulipa, husema jina lake, na baada yake muziki huendelea. Aliyechoma sanamu hakulipa, alijificha ndani ya kundi, na baada yake pakabaki majivu. Huko si kukatiza, bali ni kunyamazisha.

Dola nayo ilinyamazisha kwa njia yake. Huko Kamirithu, Limuru, mwaka 1977, wanakijiji waliufuata mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii tangu mazoezini, wakawasahihisha waandishi hao wawili katika matumizi ya lugha. Kila masahihisho yalikuwa ni kukatiza, na mchezo ukanenepa kwayo. Kisha mwezi wa Novemba kibali kikafutwa, na mwaka 1982 jengo lenyewe likabomolewa. Mhakiki asiyetofautisha masahihisho ya wanakijiji na amri ya mkuu wa wilaya, kwa kuwa yote mawili "yaliusimamisha" mchezo, atakuwa hajaona kitu.

Katika ufuko wa Dunga, kusini ya mji, ulifanyika mradi wa usanifu shirikishi uliowakutanisha wakazi na watafiti wa kigeni. Mmoja wao, Helena Kraff, katika tasnifu yake ya mwaka 2018 katika Chuo Kikuu cha Gothenburg, alichagua kuichunguza mitego ya ushiriki wenyewe. Uamuzi huo unastahili heshima, kwa sababu mtafiti aliugeuzia uchunguzi wake kwenye njia yake mwenyewe. Sisi tungeongeza swali moja ambalo mzee yeyote wa Nyanza aliyewahi kukaa mbele ya nyatiti angeliuliza: Je, mvuvi wa Dunga aliweza kusema "simama", na kazi ikasimama? Na iliporejea, je, jina lake lilikuwa ndani yake?

6. Nakala zetu wenyewe

Si haki kuwapima wachoraji na waigizaji bila kujipima sisi. Mwezi wa Oktoba 1968, Owuor Anyumba, Taban lo Liyong na Ngũgĩ waliandika waraka wao mashuhuri wa kutaka Idara ya Kiingereza ya Chuo Kikuu cha Nairobi iondolewe, na fasihi simulizi ipewe nafasi katika masomo. Vita hivyo vilishindwa na wenye haki. Tangu hapo tumekusanya, tumenakili na tumechapisha. Lakini tunaponakili wimbo wa nyatiti, mara ngapi tumeondoa sauti za wakatizaji ili tupate "matini safi"? Tumeunganisha beti ya kwanza na ya tano, tukamtaja jathum kuwa mtunzi, na wale waliolipa na kutunga kati ya beti hizo tukawaita kelele. Kisha darasani tunamfundisha mwanafunzi kwamba katika fasihi simulizi hadhira hushiriki.

Tunapendekeza, basi, kwamba nakala za nyimbo hizi zichapishwe pamoja na mikatizo yake: pale wimbo uliposimama, aliyeinuka alisema nini, walioketi waliitikiaje, na jathum alirudi kwa maneno gani. Majina ya watu binafsi yanaweza kufichwa pale heshima inapodai. Nafasi waliyoichukua isifichwe. Kazi itakuwa ndefu na kurasa zitajaa, lakini tutakuwa tumechapisha kilichotokea.

7. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba ufukwe wa ziwa unayo nadharia yake ya ushiriki, iliyotungwa katika matanga na karamu, yenye masharti matatu: kwamba hadhira inaweza kuisimamisha kazi, kwamba anayeisimamisha hujitambulisha na kugharimika, na kwamba fanani hurejea akiwa amebadilika kwa alichosikia. Nadharia hiyo ina dosari zake, na kubwa kuliko zote ni pesa. Msanii wa leo atakayepata njia ya kumpa asiye nacho haki ya kukatiza, bila kumwondolea wajibu wa kusema jina lake, atakuwa ameivusha pakruok mbele ya pale wazee walipoifikisha. Kabla ya hapo, tunapoambiwa kwamba jamii imeshirikishwa, tuulize ni nani aliyeishirikisha, na je, alikuwa tayari kunyamaza ilipoinuka kusema.