Kupotea, Kupotewa, Kupotezwa: Kuisoma Luka 15 Tukiwa Kibiti

Hebu leo tuweke riwaya pembeni kidogo. Nataka tusome sura ambayo wengi wetu tunadhani tunaijua: Luka 15, yenye kondoo, shilingi na mwana. Na tuisomee Kibiti.

Ukishika barabara ya Kilwa kutoka Dar es Salaam unapita Mkuranga, Jaribu Mpakani, Bungu, kisha Kibiti. Mashariki yake ndiko Mto Rufiji unakogawanyika kwenye mikoko kabla ya kuingia baharini. Huku "kupotea" si fumbo la mahubiri. Hadi 2017 watu walikuwa wakiuawa mmoja baada ya mwingine, viongozi wa vijiji wakiwemo. Aprili 13, 2017 waliuawa askari polisi 8 kwa mara moja. Wapo pia watu ambao hawakuonekana tena. Novemba 21 mwaka huo akatoweka Azory Gwanda, mwandishi wa Mwananchi aliyekuwa akiandika habari za mauaji hayo.

Sasa tusome. La kwanza ni kitenzi. Tafsiri ya Union Version ya 1952 inamtaja mwenye kondoo kuwa mtu *aliyepotewa*. Kauli hiyo inahamisha uzito wote: kondoo yuko porini, lakini anayeumia ni mwenyewe. Mungu wa sura hii hakai kama hakimu anayengoja mkosaji ajilete. Ni mtu aliyepotewa. Anahesabu, na hesabu haimkai.

La pili ni lawama. "Mwana mpotevu" ni jina ambalo kisa kilipewa baadaye. Mpotevu ana tabia mbaya. Aliyepotea hayupo tu. Kwa mwana, sawa, lawama inashika, maana alitapanya mali mwenyewe. Lakini kondoo alitubu lini? Shilingi ilikosa nini? Visa vyote viwili vinafungwa kwa furaha ya toba, na hapo mimi naona mshono haukukaa vizuri, kwa sababu kondoo na shilingi havikurudi, vilitafutwa. Mahubiri mengi huufunika mshono huu. Nadhani tuuache wazi, kwa kuwa Kibiti inatulazimisha kutamka kitenzi cha tatu, ambacho sura haina: *kupotezwa*. Kupotezwa si dhambi ya kutubiwa, na familia iliyopotewa haistahili kuulizwa kwanza kama jamaa yao alikuwa mtu mwema.

La tatu, baba hatafuti. Mchungaji anatoka, mwanamke anawasha taa na kufagia, ila baba anabaki nyumbani. Zamani niliona huo ni upungufu wa kisa. Siku hizi sina uhakika. Baba alimwona mwanawe akiwa bado mbali. Hilo haliwezekani kwa mtu aliyekwisha kuacha kutazama njia. Kuna kungoja ambako nako ni kutafuta. Gazeti la Mwananchi lilihesabu hadharani siku tangu Azory apotee. Julai 2019 Palamagamba Kabudi, wakati huo waziri wa mambo ya nje, aliiambia BBC kwamba mwandishi huyo alitoweka na kufariki. Baadaye serikali ikasema waziri hakueleweka vizuri. Familia ikabaki haina kaburi wala karamu.

Hapo mfano unafika mwisho wa uwezo wake, na lazima tukiri. Visa vyote vitatu vinaishia kwenye sherehe. Wakazi wengi wa delta ni Waislamu, nao wana hadithi ya mtu aliyepotewa na ngamia jangwani, na furaha ya Mungu kwa mja anayerejea kuizidi furaha ya mtu yule alipompata mnyama wake. Nayo pia inaishia kwenye kupata. Anayengoja mwaka hadi mwaka hakusimuliwa.

Je, sura inabaki na kazi gani huku? Moja, na si ndogo. Mwenye kondoo 99 angeweza kuandika hasara kidogo kwenye daftari lake akalala. Luka hampi nafasi hiyo. Kwa hiyo anayeimba kanisani habari za kondoo mmoja, halafu akifika barazani anasema ya Kibiti yalishapita, ameimba tu; kusoma hajasoma.