Krotoni juani: kijani cha tyubu moja

Uzio wa krotoni niliouchora kwa akriliki, jua la saa tano likiwa limeupiga ubavuni, ulitumia tyubu moja tu ya kijani. Watu hudhani bustani inayong'aa inataka kijani cha kila namna. Inachotaka zaidi ni njano, wekundu na subira ya kupanga tabaka.

Krotoni nimeichagua makusudi. Jani lake ni nene, lina nta, na rangi zake hufuata umri: kileleni machipukizi ni ya njano na kijani; kadiri unavyoshuka wekundu unazidi, hadi majani makuukuu ya chini yenye rangi ya damu ya mzee. Ukiufuata mpangilio huo, mmea unasimama hata kabla ya kivuli.

Nilianza kwa kuipaka turubai nzima rangi ya udongo mwekundu iliyozimuliwa kwa maji. Vipande vyake vidogo vikibaki vinachungulia kati ya majani, kijani kilicho jirani hupata nguvu. Ilipokauka nikaweka giza: kijani cha thalo na damu ya mzee, bila nyeusi hata kidogo. Thalo ni kali mno. Chembe yake inatosha kugeuza fungu zima la njano, na ikipakwa peke yake inafanana na ndoo ya plastiki. Wekundu ndio unaoituliza.

Kazi yenyewe iko kwenye majani ya mbele. Wengi hapa huchukua kijani wakakitia nyeupe, jani likapauka. Mimi nililichora kila jani kwa nyeupe ya titani yenye njano kidogo, nikaliacha likauke. Kisha nikapitisha juu yake thalo na njano, zimelainishwa kwa gundi ya akriliki isiyo na rangi, nyembamba kiasi cha kuona kilicho chini. Nuru hupenya tabaka hilo, hugonga weupe wa chini na kurudi imebeba kijani. Mishipa ya njano niliiruka kwa ncha ya brashi.

Mbinu hii inawezekana kwa sababu akriliki ikishakauka maji hayaiyeyushi tena. Unapaka juu bila kuchafua cha chini. Wachoraji wa mtindo wa Tingatinga wanaotumia rangi za mafuta za kung'aa husubiri sana kati ya tabaka na tabaka. Kwa joto la Dar es Salaam, akriliki haikusubirishi, ila inakukaukia hata kwenye paleti. Dawa yake ni sifongo chenye maji, juu yake karatasi ya kuokea, halafu unachanganyia rangi hapo.

Jambo jingine linalosumbua: gundi ya akriliki ikiwa mbichi ni nyeupe kama maziwa, ikikauka inakuwa angavu. Kwa hiyo rangi hukauka ikiwa nzito kuliko ulivyoiona. Jaribu kwanza kwenye kipande cha karatasi, kikauke, ndipo uamue.

Sasa sogelea jani moja. Upande unaotazama angani una mng'ao, na mng'ao huo ni wa kijivu chenye ubuluu, kwani ni anga lenyewe limelala juu ya nta. Jani la pembeni yake, lililo kati yako na jua, nuru inalipita na linawaka njano ya joto. Niliyaweka haya mawili bega kwa bega, na kwa maoni yangu hapo ndipo picha ilipopata jua lake. Kijani kikali chochote kisingefanya hivyo.

Mwisho nilirudi na lile giza la mwanzo, kwa brashi bapa, nikachonga kingo za majani kwa kupaka nafasi zilizo kati yake. Majani ya nyuma sikuyachonga wala kuyapa mishipa. Yakipewa undani, uzio mzima husogea mbele kwa mpigo na jicho hukosa pa kuanzia.