Sentimita moja ya kwenye boksi

Kwenye boksi za kamera ndogo nyingi kuna alama ya ua, na kando yake imeandikwa 1 cm au 5 cm. Ukimuuliza muuzaji kama kamera inafaa kwa picha za karibu, atakuonyesha ua hilo na maongezi yataishia hapo. Wauza pete, hereni na shanga wengi wanaofanya biashara Instagram na WhatsApp wamenunua kamera kwa kuliamini ua. Kipimo chenyewe si cha uongo. Kinachofichika ni kwamba karibu kila mara kinapatikana pale tu zumu ikiwa haijavutwa hata kidogo, na hapo ndipo pete haitakiwi kupigwa.

Tuseme lenzi iko sentimita 5 kutoka kwenye jiwe, na pete ina kina cha sentimita 2.5. Upande wa nyuma wa duara utakuwa sentimita 7.5 kutoka kwenye lenzi, kwa hiyo jiwe litakuzwa mara moja na nusu zaidi ya duara lililolibeba. Mteja haijui hesabu hiyo, lakini anaona pete imevimba mbele na kusinyaa nyuma. Rudi hadi sentimita 30 na tofauti hiyo inashuka hadi asilimia 8 hivi, umbo linarudi. Tena kamera iliyosogezwa hadi sentimita moja inajizibia mwanga yenyewe, na fedha iliyong'arishwa vizuri itakuonyesha duara jeusi la lenzi katikati ya bidhaa.

Kwa hiyo swali la dukani ni hili: zumu ikivutwa hadi mwisho, kamera inashika fokasi kuanzia umbali gani? Jibu liko kwenye kijitabu cha maelezo, penye herufi T. Herufi W ni ya lenzi isiyovutwa, na ndiyo inayopewa nafasi kwenye matangazo.

Linganisha kamera mbili ambazo leo zinapatikana kwa mtumba. Canon PowerShot S95 ya mwaka 2010 ilitoka ikiuzwa takriban dola 400: megapikseli 10, zumu inayofika sawa na milimita 105, na kwenye T inashika fokasi kuanzia sentimita 30. Sony RX100 ya mwaka 2012 ilitoka kwa dola 650: megapikseli 20, kihisi (ile sehemu inayopokea mwanga mahali pa filamu) kikubwa zaidi, zumu ya hadi milimita 100, ila kwenye T inaanzia sentimita 55. Sasa piga hesabu. Kwa umbali huo wa karibu kabisa, Canon inaona eneo lenye upana wa sentimita 10 hivi, Sony inaona kama sentimita 20. Pete ya sentimita 2 itapata sehemu ya tano ya picha ya Canon, yaani pikseli 730. Kwenye Sony itapata sehemu ya kumi, pikseli 550 kasoro kidogo. Kamera ghali, yenye megapikseli mara mbili, inaipa pete pikseli chache kuliko ile iliyoitangulia kwa miaka miwili. Kwa sherehe ya usiku ukumbini ningeichukua Sony bila kusita. Kwa pete, hapana.

Panasonic LX7, nayo ya mwaka 2012, inaangukia karibu na Canon: sentimita 30 kwenye T, eneo la sentimita 11 na ushee. Inayozipita zote ni Olympus TG-4 ya mwaka 2015, kamera iliyotengenezwa kwa wapiga mbizi na wapanda milima, si kwa masonara. Ina hali ya hadubini inayoshika fokasi kuanzia sentimita moja hata zumu ikiwa imevutwa yote. Ukiiweka sentimita 10 kutoka kwenye pete, zumu mwisho, inaona eneo la sentimita tatu na nusu tu, na pete inapata pikseli 2,600 hivi. Ina pia uwezo wa kupiga picha kadhaa zenye fokasi tofauti na kuziunganisha yenyewe ndani ya kamera. Ukiipata kwa bei inayovumilika, ichukue. Shida ni kwamba wenye nazo wanajua walicho nacho.

Hapa msomaji atauliza habari za simu. Simu ya kati ya leo ina kamera kuu nzuri sana, ila nyingi hazishiki fokasi karibu vya kutosha, na ile ya makro inayoongezwa kwenye simu za bei nafuu mara nyingi ni ya megapikseli 2. Simu nyingi za bei kubwa hufanya makro kwa kutumia lenzi yake pana kuliko zote, yaani tunarudi kwenye pete iliyovimba. Kwa begi au viatu simu inatosha kabisa, usipoteze pesa.

Jambo jingine linalowachanganya wanunuzi ni ukubwa wa kihisi. Tumezoea kuambiwa kikubwa ndicho bora. Kwenye picha za karibu mambo yanageuka, kwa sababu kihisi kidogo kinakupa kina kirefu cha ukali. Kwa eneo lile la sentimita 10, S95 ikiwa na tundu la lenzi la f/4.9 inaweka ndani ya fokasi kina cha zaidi ya sentimita moja. Kamera kubwa yenye kihisi cha ukubwa wa filamu ya milimita 35, kwa tundu hilohilo, inakupa milimita 3. Jiwe linakuwa kali, kucha zinazolishika zimeshayeyuka. Mwenye kamera kubwa atalazimika kufinya tundu hadi f/22 na kutafuta mwanga mwingi wa kufidia. Wewe umepewa bure.

Ila usiongeze tamaa ukaifinya S95 hadi f/8. Mwanga ukipita kwenye tundu dogo hutawanyika, na kwa f/8 nukta moja ya mwanga hutua kwenye kihisi ikiwa na upana wa mikromita 11 hivi, wakati pikseli moja ya kamera hiyo ni mikromita 2. Picha nzima inakuwa laini, nawe unailaumu lenzi. Baki f/4.9 au f/5.6.

Tukija kwenye kununua, iwe Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli Avenue ya Nairobi, beba rula yenye milimita. Ilaze mezani, elekeza kamera kutoka juu, vuta zumu hadi mwisho, kisha isogeze taratibu huku ukibonyeza kitufe nusu. Mahali pa karibu kabisa ambapo kisanduku cha kijani kinawaka, piga. Ifungue picha na uhesabu milimita zilizoingia kutoka ukingo hadi ukingo. Zikiwa 100 au pungufu, endeleeni na mazungumzo ya bei. Zikikaribia 200, shukuru na uondoke. Picha hiyohiyo ikuze uangalie namba za rula za kushoto na za kulia. Upande mmoja ukiwa mkali na mwingine umefifia, na uliishika kamera sawasawa, lenzi imekaa upande, pengine kamera iliwahi kuanguka. Piga pia karatasi nyeupe, utaona vumbi la ndani kama madoa ya kijivu. Mulika lenzi kwa tochi ya simu: pwani yetu ina unyevu, na kuvu huota ndani ya vioo kama nyuzi za buibui. Iwashe na kuizima mara nyingi kadiri muuzaji atakavyovumilia, maana lenzi kugoma kutoka ndiyo maradhi makubwa ya kamera hizi. Kuhusu bei, vijana wamerudia kamera za miaka ya 2000 kwa ajili ya mtindo na fleshi yake, na baadhi ya majina yamepaa kupita thamani. Usiburuzwe na mtindo usiokuhusu.

Ukishaipata, fleshi izime moja kwa moja. Weka meza karibu na dirisha lisilopigwa na jua, zima taa za chumbani ili rangi za mwanga zisichanganyike, na upande wa pili simamisha karatasi nyeupe irudishe mwanga. Fedha ni kioo: ikizungukwa na weupe mtupu kingo zake zinapotea, kwa hiyo weka vipande vyembamba vya karatasi nyeusi pembeni, nje ya picha, na mistari myeusi itachora umbo la pete yenyewe. ISO, yaani wepesi wa kihisi kwa mwanga, iwe ya chini kabisa, kamera ikae kwenye stendi, tumia taima ya sekunde 2 ili kidole kisiitikise. Kamera ikiona karatasi nyeupe nyingi hudhani mwanga umezidi na kuifanya kijivu. Iongeze mwanga kwa theluthi mbili za hatua hadi hatua nzima. Usawa wa rangi upime kwa karatasi ileile.

Tanzanite ina tabia yake. Kwenye mwanga wa mchana huegemea buluu, chini ya balbu ya zamani ya waya huegemea zambarau, na hakuna mpangilio wa kamera utakaoondoa hilo kwa sababu ni jiwe lenyewe linalobadilika. Mwambie mteja picha imepigwa kwenye mwanga gani.

Kinabaki kile kitu ambacho wateja wengi wa mbali hukiomba: muhuri wa 925 ndani ya pete, unaoonyesha fedha ni asilimia 92.5. Hapo sentimita 10 za S95 ni nyingi mno. Dawa yake ni lenzi ya nyongeza kama Raynox DCR-250, yenye nguvu ya dayopta 8, inayoshika fokasi kwenye sentimita 12 na nusu na kupunguza eneo hadi sentimita 4 hivi. Kibanio chake kimetengenezewa lenzi kubwa kuliko ya S95, kwa hiyo utaunda mkono wa karatasi ngumu na gundi ya utepe, au uishike kwa vidole mbele ya lenzi. Kina cha ukali kinashuka hadi kama milimita 2. Muhuri ukiwa mkali jiwe litafifia, basi piga mbili: moja ya jiwe, nyingine ya muhuri.