Mtumwa mwenye kutia sahihi

Ndugu, kitabu hiki, "Venus im Pelz" cha Leopold von Sacher-Masoch (1870), nimekisoma kwa ajili ya kazi ya kitubio. Severin anatia sahihi mapatano awe mtumwa wa Wanda, afungwe na kupigwa, kwani ndiyo tamaa yake. Mwandishi ni hodari kweli: anatuonyesha kwamba huyo anayejiita mtumwa ndiye aliyeomba mjeledi. Uchafu wenyewe si mwingi kama watu wasemavyo. Neno la mtumwa ndilo lililonichoma. Kadiri ya 1875 Tippu Tip alikaa hapa Kasongo, na kwenye njia ya Kabambare wazee wetu walifungwa mnyororo shingoni pasipo sahihi yo yote. Severin anarudi kwa baba yake. Wengi wa wale hawakuona kwao tena.