Cairo ilivyochagua wabia wa taka

Mwaka 2003 serikali ya Misri ilizipa kampuni za Hispania na Italia kazi ya kuzoa taka katika sehemu kubwa ya jiji la Cairo, kwa mikataba ya miaka 15. Kazi hiyo ilikuwa na wenyewe. Tangu miaka ya 1940 ilifanywa na Zabbaleen, familia zilizohama kutoka kusini mwa Misri, nyingi zikiwa za Wakristo wa Kikopti, na kuweka makazi yao makubwa Manshiyat Naser, chini ya kilima cha Mokattam.

Zabbaleen walipanda ngazi na kuchukua taka mlangoni kwa kila kaya. Nyumbani kwao walizichambua kwa mkono: karatasi, makopo, chupa, vitambaa, na plastiki aina kwa aina. Karakana ndogo za mtaani zilisaga plastiki na kuiuza viwandani. Mabaki ya chakula yalilishwa nguruwe. Kwa njia hiyo, hadi asilimia 80 ya walichozoa ilirudi kwenye matumizi, kiwango ambacho miji mingi tajiri haijakifikia.

Mikataba mipya iliyataka makampuni yarejeleze asilimia 20 tu. Zilizobaki zingekwenda dampo. Hapo ndipo uchaguzi wa mbia ulipokosewa, kabla hata lori moja halijaingia barabarani. Jiji lilipima uwezo wa kuondoa taka machoni, halikupima taka hizo zinaishia wapi. Malori ya kushindilia yalivunja chupa na kuchanganya karatasi na mabaki ya chakula, kwa hiyo hata mali iliyokuwa na soko ikaharibika njiani. Vichochoro vya mitaa mikongwe havikuyapitisha. Wakazi waliozoea kuchukuliwa taka mlangoni wakatakiwa kuzipeleka wenyewe kwenye mapipa ya barabarani, huku ada ikiongezwa kwenye bili ya umeme. Wengi walilipa mara mbili, kwa sababu waliendelea kuwatumia Zabbaleen.

Pigo jingine lilikuja mwaka 2009. Kwa hofu ya homa ya mafua ya H1N1, serikali iliamuru nguruwe wote nchini wachinjwe, takriban 300,000, ingawa wakati wa amri hiyo Misri haikuwa na mgonjwa hata mmoja. Bila nguruwe, mabaki ya chakula hayakuwa na pa kwenda, yakaoza mitaani. Ikadhihirika kwamba mifugo ile ilikuwa kiungo cha lazima katika mfumo mzima, na ni haki kusema kwamba walioibeba hasara hiyo kwanza ni watu waliokuwa wakilisafisha jiji kwa gharama ndogo kuliko wote.

Pune, nchini India, ilifuata njia nyingine. Waokota taka wa jiji hilo walikuwa na chama chao cha wafanyakazi tangu mwaka 1993, na kutokana nacho kikazaliwa chama cha ushirika kiitwacho SWaCH. Mwaka 2008 manispaa ilisaini nacho makubaliano ya miaka mitano ya kukusanya taka nyumba kwa nyumba. Kaya huwalipa wazoaji ada moja kwa moja, manispaa hutoa vifaa na mahali pa kuchambulia, na fedha za kuuza karatasi, chuma chakavu na plastiki hubaki kwa mzoaji. Kipengele hicho cha mwisho ndicho chenye uzito kuliko vyote, maana kila kilo inayookolewa isifike dampo humwongezea mzoaji kipato.