Mwanakondoo wa Pasaka wa Alsace

Wastahiki sifa njema wafinyanzi wa Soufflenheim, katika jimbo la Alsace nchini Ufaransa, ambao kalibu zao za udongo, zenye pande mbili zishikwazo kwa vibanio vya chuma, huwawezesha watu kuoka majumbani mwao keki ya mwanakondoo iliwayo asubuhi ya Pasaka, baada ya Kwaresima ambayo zamani iliharimisha mayai, yakalimbikana hata yakatumiwa katika keki hiyo. Kazi yenyewe yataka subira kubwa: siagi hupakwa hata ndani ya masikio, unga ukanyunyizwa juu yake, na keki haitolewi ila imekwisha kupoa kidogo, isije ikakatika shingo, ndipo hunyunyiziwa sukari laini, nyeupe mithili ya sufi. Nami naistahabu kalibu ya udongo kuliko ya bati, kwani hupokea moto taratibu.