Dakika Nane Ndani ya Great Blue Hole

Kwenye mwamba wa matumbawe wa Lighthouse Reef, nchini Belize, kuna shimo la mviringo lenye upana wa mita 300 hivi na kina cha takriban mita 125. Mpelelezi wa bahari Jacques Cousteau alilifikia mwaka 1971 kwa meli yake, Calypso, na hadi leo wazamiaji hulifuata kutoka mbali. Wengi wao hukaa kwenye kina cha mita 40 kwa dakika nane tu. Kwa nini nane?

Wengi watadhani ni hewa, lakini hesabu inakataa. Anayevuta lita 20 kwa dakika akiwa juu, kwenye mita 40 atavuta lita 100, kwa kuwa shinikizo huko ni mara tano. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi baa 200 una lita 2,400. Dakika nane zinakula lita 800; kushuka, kupanda taratibu na kutua dakika tatu kwenye mita 5, kama lita 500. Hewa inabaki.

Kinachombana mzamiaji ni nitrojeni. Kwenye kina hicho huingia mwilini upesi, na aliyezidisha muda akipanda moja kwa moja, hutoka kwa mapovu ndani ya damu na maungo. Nitrojeni hiyohiyo hulevya: mtu hujiona mzima, kumbe amesahau kutazama geji.

Kinachowavuta wazamiaji hadi mita 40 ni stalaktiti, mawe marefu yaning'iniayo kama viwele. Mawe haya hukua hewani, tone baada ya tone. Kwa hiyo hapa palikuwa na pango kavu enzi za barafu, bahari ilipokuwa chini, kabla dari halijaporomoka.

Ugumu mkubwa ni kwamba hakuna chini pa kukanyaga. Kadiri mtu anavyoshuka, vazi lake la mpira hubanwa naye huwa mzito. Kwingine mchanga ungempokea. Hapa zimebaki mita zaidi ya 80. Ndiyo maana hutia hewa kidogo kidogo kwenye jaketi lake la kuelea kadiri anavyoshuka, na hapiti chini ya kiongozi wake.

Sakafu ya shimo hili hujengwa botini, watu wakiwa bado wakavu: kina kinatajwa, dakika zinatajwa, na kila mmoja anavirudia kwa sauti. Wakishakubaliana hapo, mita 40 ndiyo sakafu yao.